Kusomea Optometria: Stashahada, Shahada ya Afrika Mashariki au Udaktari wa Optometria wa Marekani?

Kijana aliyemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia mara nyingi hulisikia jina la optometria kwa mara ya kwanza wakati tayari anajaza maombi ya vyuo. Muda anaobaki nao ni mfupi, na ushauri anaoupata kwa ndugu na walimu huhusu zaidi sifa ya chuo kuliko kazi atakayoifanya kwa miaka thelathini au arubaini ijayo. Makala haya yanazilinganisha njia tatu ambazo msomaji wa Afrika Mashariki huzitafakari: stashahada ya miaka mitatu katika vyuo vyetu, shahada ya miaka minne katika vyuo vikuu vya ukanda huu, na shahada ya udaktari wa optometria ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi cha OD. Uingereza na India nitazigusa kwa ufupi, kwa kuwa wapo wanaokwenda huko.

Kwanza ni vyema kuelewana juu ya kazi yenyewe. Mtaalamu wa optometria hupima uwezo wa kuona, huandika vipimo vya miwani na lenzi za kuvaa ndani ya jicho, huchunguza afya ya jicho mbele na nyuma, na hutambua mapema kwamba mama aliyekuja kutafuta miwani ya kusomea ana presha ya macho au mtoto wa jicho, kisha humpeleka kwa daktari bingwa wa macho. Daktari bingwa ni daktari wa binadamu aliyeongeza masomo ya macho na ndiye anayefanya upasuaji. Fundi miwani hukata lenzi na kuzifunga kwenye fremu kwa kufuata vipimo alivyoandikiwa. Watu wengi huwaita wote watatu "daktari wa macho", na mkanganyiko huo huwafanya baadhi ya wanafunzi wajiunge na optometria wakidhani ni mlango wa kuingilia kwenye upasuaji. Anayetaka upasuaji asome udaktari wa binadamu, hata kama itambidi asubiri mwaka mmoja zaidi.

Kuhusu uhitaji hakuna shaka. Ripoti ya kwanza ya Shirika la Afya Duniani kuhusu uoni, iliyotolewa mwaka 2019, ilieleza kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuilika au bado halijapatiwa huduma. Sehemu kubwa ya watu hao wanachohitaji ni kupimwa vizuri na kupewa miwani sahihi. Hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mtaalamu wa optometria, na ndiyo sababu naliona suala la kuchagua chuo kuwa zito: mtu aliyefundishwa vibaya ataandika vipimo vibaya kwa maelfu ya watu.

Kabla ya kulinganisha ada, majengo au miaka, msomaji ajiulize anataka kufanya kazi wapi. Usajili wa taaluma hii hutolewa na nchi, na huko Marekani hutolewa na kila jimbo peke yake. Mhitimu aliyesajiliwa Tanzania hawezi kwenda Texas akaanza kupima wagonjwa, kwa sababu majimbo ya Marekani hudai shahada ya OD kutoka chuo chenye ithibati yao pamoja na mitihani yao ya taifa. Vivyo hivyo, mwenye OD anayerudi nyumbani hupeleka vyeti vyake kwenye baraza la taaluma la nchi yake, na mipaka ya kazi yake itakuwa ile iliyowekwa na sheria ya hapa, hata kama alikosomea aliruhusiwa kufanya mengi zaidi. Jambo hili moja, likifahamika mapema, huokoa fedha na miaka mingi kuliko ushauri mwingine wowote ninaoweza kuutoa.

Muda na mahali

Kwa Tanzania, jina lililozoeleka katika mafunzo haya ni KCMC mjini Moshi, ambako wataalamu wa ngazi ya stashahada wamefundishwa kwa miaka mingi ndani ya mazingira ya hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa Kenya, chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC hutoa stashahada, na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mjini Kakamega hutoa shahada ya optometria na sayansi ya uoni. Kwa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha shahada ya optometria mwaka 2014, nayo hufundishwa kwenye kilima cha Mulago, karibu na hospitali ya taifa ya rufaa. Orodha ya kozi hubadilika, kwa hiyo mwombaji wa Tanzania asome mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada na ule wa baraza la elimu ya ufundi (NACTVET) kwa stashahada katika mwaka anaoomba, asitegemee orodha ya mwaka uliopita.

Njia ya Marekani ni ndefu zaidi. OD ni kozi ya miaka minne, lakini huanza baada ya masomo ya chuo kikuu. Wengi wa wanaodahiliwa wana shahada ya kwanza, ingawa baadhi ya vyuo humkubali mtu aliyekamilisha idadi maalumu ya kozi za sayansi bila kuhitimu. Mwombaji hufanya mtihani uitwao OAT, unaopima sayansi asilia, fizikia, ufahamu wa kusoma na hesabu, kisha hutuma maombi kupitia mfumo mmoja wa pamoja uitwao OptomCAS. Vyuo vingi hupokea maombi na kuanza kugawa nafasi kadiri yanavyofika, hivyo anayengoja siku ya mwisho hukuta nafasi nyingi zimekwisha kuchukuliwa. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha sita, safari nzima ni ya takriban miaka minane, wakati mwenzake wa Kakamega au Kampala amekwisha kuhitimu na ana miaka minne ya kazi mkononi.

Maisha ya mwanafunzi

Katika njia zote tatu, mwaka wa kwanza hufanana kuliko watu wanavyotarajia. Ni mwaka wa hesabu za mwanga, anatomia ya jicho, fiziolojia na biokemia, na wengi wanaoshindwa hushindwa katika somo la mwanga kwa sababu walidhani fizikia waliiacha sekondari. Anayeichukia fizikia na kuipenda baiolojia peke yake ajipime kwa uaminifu kabla ya kujiunga, kwani lenzi, prizimu na miali ya mwanga zitamfuata hadi siku ya mwisho.

Baada ya hapo huja ustadi wa mikono, na hapo ndipo chuo kizuri hutofautiana na chuo cha kawaida. Mfano mzuri ni kipimo cha retinoskopu, ambacho humwezesha mtaalamu kujua mtoto mchanga, bubu au mtu asiyejua kusoma anahitaji lenzi gani bila kumwuliza neno. Mwanafunzi humulika mwanga mwembamba kwenye mboni, huusogeza taratibu, na kuangalia kama mng'ao unaorudi kutoka ndani ya jicho unafuata mwendo wa mkono wake au unakwenda kinyume. Huongeza lenzi moja baada ya nyingine hadi mboni nzima ing'ae pamoja na mwendo upotee. Akikaa umbali wa sentimeta 67 lazima aondoe dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1.50 kwenye jibu lake ili kufidia umbali huo. Akisogea hadi sentimeta 50 lazima aondoe 2.00. Maelezo hayo husomwa kwa dakika tano, lakini mkono na jicho huhitaji mamia ya marudio kabla ya kutoa jibu la kuaminika, na hakuna mhadhara unaoweza kuchukua nafasi ya marudio hayo.

Marudio hayo hufanywa kwanza kwa wanafunzi wenzako. Mwenzako atakutia dawa ya kupanua mboni, nawe utashindwa kusoma daftari lako na kuumizwa na mwanga wa jua kwa saa kadhaa. Utampima presha ya jicho kwa tonomita baada ya kumtia dawa ya ganzi, naye atafanya hivyo kwako. Jambo hili hujenga udugu wa pekee katika darasa, na pia humfundisha mwanafunzi upole, kwa kuwa anajua kwa mwili wake mwenyewe kile atakachomfanyia mgonjwa. Mwenye hofu ya kuguswa macho atazoea. Karibu wote huzoea.

Tofauti kubwa ipo katika vifaa. Mwanafunzi wa Marekani hununua seti yake binafsi, yenye retinoskopu, oftalmoskopu ya kutazamia ndani ya jicho na lenzi za kuchunguzia nyuma ya jicho, kwa maelfu ya dola, na maabara zake huwa na viti na foropta, yaani mashine za kubadilishia lenzi wakati wa kupima, za kutosha hata jioni baada ya masomo. Katika vyuo vyetu vifaa hugawanwa, na darasa likiwa kubwa mwanafunzi anaweza kumaliza kipindi cha vitendo akiwa ameshika chombo kwa dakika chache tu. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu, hata kabla ya kuuliza habari za mabweni, ni hili: vyombo vinapatikana nje ya saa za darasa? Pale ambapo jibu ni hapana, familia yenye uwezo ifikirie kumnunulia mwanafunzi retinoskopu yake mapema kuliko kompyuta mpya.

Mazingira ya kuishi nayo yana uzito wake. Kakamega ni mji mdogo ambao mwanafunzi hupata chumba karibu na chuo, na Hospitali ya Macho ya Sabatia iko kaunti jirani ya Vihiga. Kampala ni jiji lenye msongamano na gharama za juu zaidi, lakini kuishi karibu na Mulago humweka mwanafunzi karibu na madaktari wa fani zote. Mtanzania anayekwenda Makerere akumbuke kwamba wagonjwa wengi wa Mulago huzungumza Kiganda, na historia ya mgonjwa isiyochukuliwa kwa lugha yake huwa na mapengo. Itambidi ajifunze angalau maswali ya msingi mapema. Huko Moshi na Kakamega, Kiswahili kinatosha kwa sehemu kubwa ya siku.

Marekani hakuna maisha ya aina moja. Illinois College of Optometry, chuo kikongwe kilichoanzishwa mwaka 1872, kipo upande wa kusini wa Chicago na kina kliniki kubwa inayohudumia wakazi wa jiji hilo. Chuo cha optometria cha Chuo Kikuu cha Jimbo la New York (SUNY) kipo katikati ya Manhattan, ambako kodi ya chumba inaweza kuishinda bajeti yoyote ya mwanafunzi. New England College of Optometry ya Boston hujulikana kwa kuwapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya jamii tangu mapema. Kwa upande mwingine kipo chuo kilicho ndani ya Ferris State University katika mji mdogo wa Big Rapids, Michigan, ambako darasa ni dogo na baridi ni kali. Mwanafunzi kutoka Tanga au Mombasa apime pia upweke, majira ya baridi na umbali na familia, maana miaka minne ni mingi.

Wagonjwa utakaowaona

Hapa ndipo ninapoona sababu nzito kuliko zote za kuchagua au kuacha chuo. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki huona magonjwa yaliyokomaa. Ataona presha ya macho kwa mtu aliyefika hospitali baada ya jicho moja kupofuka, mtoto wa jicho aliyeziba mboni kwa weupe, na watoto wanaojikuna macho kwa mzio mkali ambao usipotibiwa huharibu kioo cha jicho. Akipelekwa kwenye kambi ya macho katika maeneo makavu kama Kongwa, Turkana au Karamoja, atafahamu trakoma, maambukizi ya macho yanayoweza kupofusha, ilivyo. Katika maeneo ya Mahenge atasikia habari za usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi na unaoweza kupofusha. Atahudumia watu wenye ualbino, ambao macho yao hutetemeka, huumizwa na mwanga na hayafikii uoni kamili hata kwa miwani, lakini ambao huweza kusoma ubaoni na vitabuni wakipewa miwani iliyopimwa vizuri, vioo vya kukuza na nafasi ya mbele darasani. Mtaalamu anayejua kumhudumia mtoto mwenye ualbino anaweza kubadilisha elimu yote ya mtoto huyo, na ujuzi huo hufundishwa vizuri zaidi mahali ambapo watoto hao wapo.

Mwanafunzi wa Marekani huona kisukari kilichoathiri pazia la nyuma la jicho, uzee wa sehemu ya kati ya pazia hilo, macho makavu ya watu wanaokaa mbele ya kompyuta, na watoto ambao kasi ya kutoona mbali inapunguzwa kwa lenzi maalumu au dawa. Hujifunza kusoma picha za mashine ya OCT, inayoonyesha tabaka za nyuma ya jicho moja moja, kama sehemu ya uchunguzi wa kawaida, ilhali hapa kwetu mashine hiyo ipo katika hospitali chache. Mwaka wake wa nne wote hutumika kwenye mizunguko ya vitendo nje ya darasa, ikiwemo hospitali za wanajeshi wastaafu, na huko hukutana na wazee wenye magonjwa mengi kwa pamoja. Mafunzo yake ya magonjwa na dawa ni ya kina, na sheria humpa uhuru mkubwa zaidi wa kutibu: katika baadhi ya majimbo, Oklahoma ikiwa imetangulia mwaka 1998 na Kentucky ikafuata mwaka 2011, mtaalamu wa optometria anaruhusiwa hata kufanya baadhi ya matibabu ya leza.

Sidhani kwamba mmoja kati ya wanafunzi hawa amefundishwa vizuri kuliko mwenzake katika kila jambo. Yule wa kwetu, chuo chake kikiwa makini, hutoka na mkono mwepesi wa retinoskopu na jicho la kutambua ugonjwa mkubwa bila mashine, kwa sababu alipima watu wengi kwa siku. Yule wa Marekani hutoka na utaratibu wa kuchunguza kila mgonjwa kikamilifu, kuandika kumbukumbu na kufuatilia ugonjwa kwa miaka. Kasoro ya wa kwanza ni haraka, kwani foleni humzoesha kuruka hatua. Wa pili akipelekwa wilayani bila mashine zake atahitaji muda kujifunza upya.

Gharama na mikopo

Katika suala hili ulinganisho si mgumu. Wahitimu wengi wa OD huanza kazi wakiwa na deni linalofikia au kuzidi dola 200,000, na mwanafunzi wa kigeni hana haki ya mikopo ya serikali kuu ya Marekani, kwa hiyo hutegemea familia, ufadhili wa nadra au benki binafsi inayodai mdhamini mkazi wa huko. Wahitimu wanaobaki huko hulilipa deni hilo kwa mishahara ya huko, ambayo kwa kawaida huzidi dola 120,000 kwa mwaka. Anayerudi nyumbani kulilipa kwa mshahara wa shilingi atakuwa amejifunga kwa maisha yake yote, na sioni kuwa ni haki kwa wazazi kuuza shamba kwa mpango huo.

Vyuo vya umma vya Afrika Mashariki vinamgharimu mwanafunzi sehemu ndogo sana ya fedha hizo, na zipo bodi za mikopo, HESLB kwa Mtanzania na HELB kwa Mkenya. Anayevuka mpaka aulize mambo mawili kwa maandishi: kama chuo kinawatoza wanafunzi wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ada sawa na wenyeji, na kama bodi ya mikopo ya nchini kwake itamkopesha akisoma huko.

Mitihani na maandalizi ya kazi

Marekani humwandaa mwanafunzi kwa mitihani ya taifa ya NBEO yenye sehemu tatu. Ya kwanza ni ya sayansi za msingi na kwa kawaida hufanywa mwaka wa tatu, ya pili ni ya utambuzi na matibabu, na ya tatu ni ya vitendo, ambayo wanafunzi wa nchi nzima husafiri hadi Charlotte, North Carolina, kuifanya. Vyuo vinatakiwa kutangaza viwango vyao vya kufaulu mitihani hiyo, na mwombaji mwenye busara huviangalia kwa miaka kadhaa mfululizo, kwa kuwa mwaka mmoja mbaya unaweza kumtokea yeyote. Baada ya hapo, anayetaka ubobezi wa watoto, lenzi za kuvaa ndani ya jicho au magonjwa huongeza mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini kwa hiari. Mgeni mwenye viza ya masomo huruhusiwa kwa kawaida kufanya kazi za fani yake hadi miezi 12 baada ya kuhitimu, na zaidi ya hapo atahitaji mwajiri wa kumdhamini. Suala hilo lisiachwe hadi mwaka wa nne.

Kwetu mtihani wa mwisho ni wa chuo, kisha usajili wa baraza, na maandalizi ya kazi hutegemea sana mizunguko ya hospitali. Kuna jambo moja ambalo mafunzo yetu hulifanya vizuri: karakana ya miwani. Katika hospitali nyingi za macho za ukanda huu, mtaalamu wa optometria husimamia au hufanya mwenyewe kazi ya kukata lenzi na kuzifunga, na katika wilaya nyingi hakuna mtu mwingine wa kuifanya. Mwanafunzi wa Marekani hujifunza nadharia yake lakini kazi yenyewe hufanywa na mafundi na maabara. Kijana anayekusudia kufungua duka lake la miwani Singida au Bungoma atafaidika zaidi na miezi sita ya karakana kuliko na somo jingine la ziada.

Ajira zetu zina sura tatu. Hospitali za serikali hutoa uthabiti, lakini nafasi hutangazwa kwa vipindi na ngazi ya mshahara hufuata ngazi ya cheti, na hapo mwenye shahada hunufaika kuliko mwenye stashahada hata kama wanapima wagonjwa wale wale. Hospitali za mashirika ya dini na taasisi kama CCBRT ya Dar es Salaam au kitengo cha macho cha Hospitali ya Kikuyu nchini Kenya hutoa uzoefu mpana na nafasi ya kufanya kazi bega kwa bega na mabingwa. Maduka ya miwani ya mjini huajiri kwa haraka zaidi, na ndiko wahitimu wengi huanzia.

Kuhusu maduka hayo nasema kwa uwazi, kwa kuwa jambo hili hunisikitisha. Mhitimu mpya huweza kuwekewa lengo la mauzo la mwezi, akajikuta anamwandikia miwani mtoto mwenye dayopta 0.25 asiyelalamika chochote, au anampitisha mgonjwa bila kuangalia nyuma ya jicho kwa sababu foleni ni ndefu na uchunguzi huo hauingizi fedha. Shinikizo hilo lipo Nairobi, lipo Dar es Salaam na lipo pia katika makampuni ya miwani ya Marekani. Chuo kinachofundisha maadili kwa mifano ya kweli, na kinachomlazimisha mwanafunzi kueleza mbele ya mwalimu kwa nini mgonjwa huyu amepewa miwani na yule hakupewa, humpa mhitimu uti wa mgongo wa kukataa. Uliza kama chuo unachokitaka kina vipindi vya namna hiyo.

Uingereza na India kwa kifupi

Uingereza imebadilisha mfumo wake: badala ya shahada ya miaka mitatu iliyofuatwa na mwaka wa mafunzo kazini, vyuo vya England sasa vinahamia kwenye shahada moja ya ngazi ya umahiri yenye wiki 44 za mafunzo kazini ndani yake, chini ya masharti ya baraza la GOC. Mhitimu hutoka akiwa tayari kusajiliwa, na muda wake ni mfupi kuliko ule wa Marekani, ila ada ya mwanafunzi wa kigeni ni kubwa na sehemu kubwa ya ajira ni ya maduka.

India hutoa shahada ya miaka minne, mwaka wa mwisho ukiwa wa vitendo, na baadhi ya vyuo vyake vimeambatanishwa na hospitali za macho zenye wagonjwa wengi mno, kama Elite School of Optometry ya Chennai iliyoanzishwa mwaka 1985. Kwa mzazi anayefikiria kumpeleka mtoto nje lakini hana fedha za Marekani, India inastahili kuangaliwa kwa makini, mradi baraza la nyumbani lithibitishe kwa barua kwamba linakitambua chuo hicho mahususi.

Nani achague nini

Stashahada inamfaa kijana ambaye familia inamhitaji aanze kupata kipato baada ya miaka mitatu, au ambaye alama zake za sekondari hazimfikishi kwenye shahada, na aliye tayari kufanya kazi wilayani. Ni njia yenye heshima, na watu wengi wanaovaa miwani sahihi vijijini wamepimwa na wenye stashahada. Udhaifu wake ni dari ya cheo na mshahara, na pia ugumu wa kupanda: kabla ya kujiunga, mwombaji aulize ni vyuo vikuu gani huwapokea wenye stashahada hiyo, na kama huwapunguzia hata mwaka mmoja wa masomo.

Shahada ya Afrika Mashariki ndiyo ningemshauri mtu mwenye alama nzuri ambaye anataka kuishi na kufanya kazi katika ukanda huu. Inamweka karibu na wagonjwa atakaowahudumia, inamfungulia ngazi za juu za utumishi, na inamwezesha kusoma shahada ya pili nje kwa muda mfupi na gharama ndogo, akiwa tayari anajua ni eneo gani linamvutia. Hata mlango wa Marekani haujafungwa kabisa kwake, kwani chuo cha Boston nilichokitaja kina programu iliyofupishwa kwa wataalamu waliosomea nchi nyingine, inayochukua takriban miaka miwili badala ya minne.

OD ya Marekani inamfaa aliyekwisha kuamua kuishi huko, hasa kijana wa familia ya Waswahili waliohamia Minnesota, Texas au Ontario ambaye ana ukazi wa kudumu na haki ya mikopo ya nchi anayoishi. Wa Ontario aangalie kwanza Chuo Kikuu cha Waterloo, kinachotoa OD kwa Kiingereza ndani ya Kanada. Inamfaa pia mtu mwenye ufadhili kamili anayetaka kuja kufundisha, maana vyuo vyetu vinahitaji walimu waliozoea uchunguzi wa kina wa magonjwa. Kwa mwingine yeyote anayetokea moja kwa moja kidato cha sita, naona ni njia ndefu na ghali mno kufikia kazi ambayo angeweza kuianza akiwa na umri wa miaka 24.

Chochote utakachochagua, tembelea kliniki ya chuo siku ya kazi, si siku ya maonyesho, na ukae humo asubuhi nzima. Hesabu wanafunzi wangapi wanamzunguka mgonjwa mmoja. Angalia kama mwalimu anarudia kipimo cha mwanafunzi kwa mikono yake mwenyewe au anasaini tu karatasi. Omba kuona daftari la kazi za vitendo la mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, uone amepima watoto wangapi, amechunguza nyuma ya jicho mara ngapi akiwa ametia dawa ya kupanua mboni, na ni wagonjwa wangapi wa uoni hafifu waliopita mikononi mwake.